Mazungumzo ya Biashara kati ya Veranda Mbili

Darasa pana kuliko yote niliyowahi kufundisha lilikuwa na wanafunzi wawili. Mmoja aliketi kwenye veranda ya nyumba yake, mwingine kwenye veranda ya nyumba yake, na kati yao ulikuwepo uwanja wote wa nyumbani kwetu, pamoja na kamba ya nguo, kuku, na mbuzi aliyefungwa kwenye mgomba. Mimi mwalimu nilikaa katikati juu ya kigoda, simu mkononi, nikisoma habari za biashara ya dunia kwa sauti ya mtu anayeuza omena sokoni.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa baba yangu. Wa pili alikuwa mke wa kaka yangu, wifi yangu. Hawakukaa mbali kwa sababu ya ugomvi. Walikaa mbali kwa sababu waliheshimiana, na kwetu heshima ya namna hiyo hupimwa kwa hatua.

Kwa msomaji asiyetoka upande wetu, nieleze polepole. Si jambo gumu. Sisi Abagusii tuna kitu kinachoitwa ensoni. Ni aibu, lakini si ile aibu inayokupata ghafla suruali ikichanika. Ni aibu iliyopangwa, yenye kanuni zake, kila mtu anajua inakoanzia na inakoishia. Baba mkwe na mkazamwana hawashikani mikono. Hawabishani uso kwa uso. Hawatajiani mambo ya mwili. Na zaidi ya yote, mzee haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Anaweza kuwa ndiye aliyekata miti, akanunua mabati, akasimamia fundi hadi msumari wa mwisho. Lakini siku mwana anapoleta mke, ule mlango unakuwa nchi ya kigeni na mzee hana pasipoti. Watu wetu walipomkubali Bwana waliacha mengi, pombe ikiwemo, angalau mchana. Ensoni hawakuiacha. Iliingia nao kwenye maji ya ubatizo na ikatoka upande wa pili imelowa tu.

Jambo moja zaidi kabla sijaendelea. Kwa Ekegusii, baba yangu namwita tata, na neno "baba" kwetu ni mama. Lakini hapa naandika Kiswahili, kwa hiyo baba abaki mwanamume.

Mama alipokuwa hai, ensoni haikumsumbua mtu. Wifi akiwa na neno kwa mzee, alimwambia mama wakiwa jikoni. Mama akalibeba hadi sebuleni, akalipunguza makali njiani, akalifikisha likiwa limeshakuwa wazo la mzee mwenyewe. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Kwa lugha ya biashara nitakayoieleza baadaye, mama alikuwa bandari yetu. Alipofariki, tulilia kama watu wanaomlilia mama. Haikutupitia akilini kwamba tumefunga bandari pia.

Tuligundua miche ilipokuja.

Wifi alikuwa amejiunga na kundi la akina mama wanaopanda avokado za kuuzwa ng'ambo. Wakala wa wanunuzi alikuja soko la Nyakoe, akawaeleza, akawaandikisha, na kila mmoja akapewa miche iliyounganishwa na tawi la mti uzaao ili izae mapema, imesimama ndani ya vimfuko vyeusi. Masharti yalikuwa rahisi: miche iwe ardhini kabla mvua za masika hazijakolea. Asiyepanda anatoka kundini na nafasi yake inachukuliwa na mwingine, na waliokuwa wakiingojea hawakuwa wachache. Wifi aliileta yake kwa bodaboda, akaipanga kivulini ubavuni mwa nyumba yake, akaimwagilia, halafu akatazama shamba la chini. Shamba la chini ndilo pekee lililokuwa na udongo wa kufaa. Shamba la chini lilikuwa limejaa chai.

Na chai ile ilikuwa ya mzee. Yeye na mama waliipanda wakiwa vijana, wakati kuwa na chai upande wetu wa Itumbe kulikuwa sawa na kuwa na mtoto chuo kikuu. Kumwomba mzee aing'oe kulihitaji mtu wa kuongea. Kaka yangu yuko Nakuru kikazi. Nilipompigia simu, alisema mambo kama hayo ni ya watu wa nyumbani, kana kwamba yeye alizaliwa hotelini. Mimi nafundisha shule moja huko mlimani Nyanchwa, masomo ya biashara, na nafika nyumbani Jumapili tu. Nilijaribu kumgusia mzee. Akaniambia chai imeshika maua vizuri mwaka huu. Chai haishiki maua ikitunzwa, na yeye anajua. Alikuwa ananiambia ninyamaze.

Hivyo miche ikakaa. Kila asubuhi mzee alipita mbele yake akienda kuchuma, akaitazama jinsi mtu anavyotazama jeneza la mtu asiyemjua: kwa adabu, bila kuuliza. Mizizi ilianza kutoboa vimfuko.

Sasa nirudi kwenye darasa, maana lilianza kwa sababu nyingine kabisa.

Mzee alikuwa amesikia redioni kwamba bei ya chai imeyumba kwa kuwa nchi fulani ya mbali, wanywaji wakubwa wa chai yetu, haina dola. Aliningoja hadi Jumapili. "Mwanangu," alisema, "hao watu wanakunywa chai yetu na hawana dola. Wanakunywa na nini?"

Nikamweleza kwamba wana pesa yao, ila haikubaliki huku. Ni kama jirani anayetaka maziwa yako lakini mkononi ana ndizi tu, na wewe migomba yako inaanguka kwa uzito. Mzee akafikiri, akasema hilo lingesemwa hivyo redioni watu wangelala vizuri. Akataka kujua maneno mengine yote. Kiingereza cha shule anacho kidogo, lakini Kiingereza cha habari za biashara, alisema, kinavaa tai.

Tukaanza hivyo. Yeye alijua aina moja tu ya darasa, nalo ni lile la Shule ya Sabato, ambako yeye ni mzee wa kanisa. Kwa hiyo tulifuata utaratibu ule: kwanza tunarudia somo la wiki iliyopita, kisha fungu la kukariri, kisha maswali. Fungu letu la kwanza lilikuwa kwamba bidhaa zikiongezeka na wanunuzi wakabaki walewale, bei hushuka. Alilikariri kwa Kiingereza, macho yamefumbwa, mikono imekunjwa, na mwisho wake tukasikia "Amina".

Nasema tukasikia, kwa sababu wifi alikuwa kwenye veranda yake akichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, na masikio hayana ensoni. Wiki iliyofuata nilipouliza maana ya "tariff", mzee akawa bado anaitafuta, sauti ikatoka ng'ambo ya uwanja, ikizungumza na mboga:

"Ukifika Nyakoe na mkungu wako, kabla hujauza, kuna mtu mwenye koti na kitabu cha risiti. Yule ndiye hiyo tariff."

"Sahihi kabisa, ni ushuru," nikasema.

"Na anayepitia nyuma ya soko?"

Nikamwambia huyo ana jina lake, anaitwa "smuggler", mtu wa magendo.

Mzee akauliza, akimtazama mbuzi, kama kuna watu wa nyumba hii wanaopitia nyuma ya soko. Mboga ikachambuliwa kwa kasi zaidi. Tangu siku hiyo darasa likawa na wanafunzi wawili.

Nawaambia ukweli, sijawahi kufundisha wanafunzi wazuri kama wale, na nina watoto huko shuleni wanaolipiwa karo ili wanisikilize. Mkiwa na mtu mzima nyumbani anayedhani uchumi ni wa wasomi, msimkatie tamaa. Anaujua. Anachokosa ni jina tu. Nilipofika kwenye "sanctions", yaani vikwazo, nilieleza kwamba ni kama mshiriki anapofutwa ushirika: hakuna anayempiga wala kumfukuza kijijini, ila meza ya Bwana haimhusu tena mpaka atubu.

"Na hizo nchi hutubu?" mzee akauliza.

"Mara nyingi hutafuta wa kufanya naye biashara kwingine."

"Kama washiriki wetu," akasema. "Ukimfuta, Sabato ijayo yuko kanisa lingine, na huko wanampa kwaya."

Nimesoma wachambuzi wengi kuhusu jambo hilo. Hakuna aliyenitosheleza kuliko huyo.

Kisha ikaja Jumapili ya habari iliyobadilisha kila kitu. Ilikuwa habari fupi, ya nchi iliyotegemea zao moja miaka mingi, bei ikaanguka, na sasa imebaki kuuza hata viti vya ofisi. Nikawapa neno la siku: "diversification". Kutokuweka mayai yote... nikajizuia, huo ni msemo wao, si wetu. Nikasema ni kama mama mwenye nyumba asiyepanda mahindi peke yake.

Wifi hakuinua kichwa. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno likikanyaga mahali pake kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, kwamba mkulima anayekataa diversification atalia siku moja, na watoto wake watalia naye.

Mzee akakohoa. Halafu, kwa Kiingereza, akaniambia niwaeleze wanadarasa kwamba kuna mazao yanayooza njiani na kuna mazao yanayongoja boharini bila kulalamika, na mwenye akili hujua achague yapi.

"Mwalimu," wifi akasema, "waeleze wanadarasa kwamba hata kinachongoja boharini kinaweza kungoja hadi kizeeke."

Nilikaa pale kwenye kigoda changu nikigeuza kichwa kama mtu anayetazama mpira wa meza. Walikuwa wanabishana. Baba mkwe na mkazamwana, mchana kweupe, juu ya shamba la chini, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Niliielewa sababu baadaye, nikiwa kwenye bodaboda. Kwa Ekegusii, kumwambia baba mkwe kwamba chai yake imepitwa na wakati ni sentensi yenye meno. Kwa Kiswahili ina meno ya kubandika. Kwa Kiingereza cha habari za biashara haina hata ufizi. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulaaniwa kwa Kiingereza. Wazee wetu walioweka ensoni hawakufikiria kuizungushia uzio upande ule, kwa kuwa walidhani hakuna atakayepita huko.

Wiki zilizofuata nikawa si mwalimu tena bali mwenyekiti wa mkutano wa biashara duniani. Kila Jumapili nilileta habari, na kila habari, iwe ya chuma, ngano au meli iliyokwama, ilifika shamba la chini kabla ya chai ya saa kumi. Mzee alitetea wazalishaji wa ndani. Wifi alidai "market access", yaani kuruhusiwa kuingia sokoni, au kwa upande wetu, kuruhusiwa kuingia mteremkoni na jembe. Alikuwa mwepesi kuliko mzee. Mzee alikuwa mkaidi kuliko sisi sote wawili. Miche iliendelea kutoboa vimfuko, na mawingu yakaanza kujikusanya mchana.

Jumapili niliyoiogopa ilianza vizuri sana. Mzee alikuwa amelala na hoja yake wiki nzima, nayo ilikuwa juu ya ubora. Matunda, alisema kwa Kiingereza, hayawezi kusafiri. Avokado ni bidhaa ya mdomo wa karibu. Wifi akajibu kwamba aina yao ni ya ngozi ngumu, na kwamba anazo ndani, alizopewa na wenzake wa kundi, zimekaa juu ya kabati tangu wiki iliyopita na bado ziko imara kama mawe. Mzee akasema anaushuku ushahidi huo.

"Basi bidhaa zikaguliwe," wifi akasema, akainuka, akaingia ndani kuzileta.

Na mzee akainuka.

Sikushtuka mara moja. Alikuwa anaongea huku akitembea, fimbo ikipiga ardhi kila alipofika kwenye nomino. Alisema mnunuzi ana haki ya kukagua. Akapita karibu na kigoda changu. Akasema hakuna taifa linalonunua kwa kuambiwa. Akapita kamba ya nguo, akainamisha kichwa chini ya shuka, akaibuka upande wa pili bado yuko kwenye sentensi ileile. Akapanda veranda ya wifi. Nikaona kofia yake ikiingia mlangoni, ikapotea.

Kiingereza kilikuwa kimembeba hadi ndani.

Nikasikia sentensi ikikatika katikati. Baada ya hapo sikusikia kitu, na naomba mnielewe, hapakuwa na kitu cha kusikia. Ndani mlikuwa na sebule ya kawaida, viti vyenye vitambaa, kalenda, kabati. Lakini ilikuwa nyumba ya mwanawe, na mke wa mwanawe alikuwa amesimama mbele yake, na tangu walipooana mzee hakuwa ameona hata rangi ya ukuta.

Alitoka kinyumenyume. Mkono mmoja ulishika kofia, na mwingine ulishika avokado, maana nadhani wifi alikuwa tayari anamnyooshea. Akavuka uwanja bila kupita chini ya shuka, akaizunguka. Akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango. Mbuzi peke yake ndiye aliyetoa maoni.

Wiki ile nzima, niliambiwa, nyumbani kulikuwa kama kuna msiba usio na maiti. Zamani wazee wangeitwa, pangetafutwa mbuzi wa tambiko, maneno yangesemwa, mambo yangekwisha. Kanisa letu halitaki mambo hayo, na baba yangu ndiye huwaeleza wengine kwamba halitaki. Kwa hiyo hakuwa na dawa ya zamani wala ya sasa. Siku ya Sabato aliomba asiongoze somo, akasema ana kikohozi. Alikohoa mara moja, kwa ushahidi.

Jumapili iliyofuata nilimkuta wifi jikoni. Alikuwa hamwogopi mzee; alikuwa anaogopa midomo. Uwanja wetu unaonekana kutoka njiani, na kuna mama mmoja jirani ambaye, kama angekuwa redio, tusingehitaji mawimbi. Wifi alijua hadithi ingeanza kwa mzee kuingia mlangoni na kuishia mahali pabaya, na ndani ya hadithi hiyo mwenye makosa angekuwa yeye.

"Nitaiuza miche, wifi," akasema. "Nitaipakia kesho niipeleke Nyakoe. Nikiendelea kulidai lile shamba sasa, watasema nilimwita ndani ili nimbane anipe."

Nilitoka nje. Kigoda kilikuwa palepale. Veranda zote mbili tupu, na milango yote imefungwa. Na kwa sababu mimi ni mwalimu, na mwalimu asiyejua la kufanya hufungua kitabu, nikakaa nikatoa simu, nikaanza kusoma habari kwa sauti, kwa kuku.

Ilikuwa habari ya nchi mbili zilizoshtakiana. Moja ilikuwa imevunja makubaliano, si kwa ubaya hasa, ila ilikuwa imevuka pale isipopaswa kuvuka. Waamuzi hawakuiadhibu kwa viboko. Waliiambia ilipe "compensation". Nikawaeleza kuku kwamba hiyo ni fidia, na kwamba katika biashara ya dunia fidia si lazima iwe pesa. Anayevunja anaweza kumfungulia mwenzake mlango mahali pengine, apate alichokuwa amekosa. Na akishalipa, nikasema, hakuna anayerudia tena habari ya kosa. Limefungwa. Hata majirani hawaruhusiwi.

Hilo la majirani niliongeza mwenyewe.

Dirisha la mzee lilikuwa wazi kidogo. Sauti ikatoka.

"Rudia hilo neno."

Nikalirudia. Akalijaribu mdomoni, likamkwama, akalijaribu tena. Kisha mlango ukafunguka, akatoka akakaa kwenye kiti chake, akitazama upande wa barabara.

"Mwalimu," akasema kwa Kiingereza, "nchi iliyokosa inatoa jogoo."

Nikainuka, na jogoo huyo wa maneno nikampeleka jikoni, ingawa wifi alikuwa amesikia kila silabi. Alikuwa amekaa na kisu na kitunguu, na kitunguu kilimsaidia kuficha macho. Akafikiri.

"Mwambie haitoshi," akasema, naye kwa Kiingereza.

Nikarudi. Haitoshi. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyetarajia hivyo. Nchi iliyokosa, akasema, inaongeza mbuzi. Nikaenda tena. Wifi akasema mbuzi anakula miche, na hapo ndipo nilipojua kwamba miche haiendi Nyakoe kesho.

Nilipofikisha jibu la mbuzi, mzee alichukua fimbo, akachora mstari kwenye vumbi mbele ya miguu yake, akaufuta. Alipoongea tena hakutumia Kiingereza. Alitumia Ekegusii, akimwambia yule mbuzi, kwa sauti ya chini lakini isiyoshindwa kuvuka uwanja.

"Mwulize anataka nini."

Wifi alikuwa amefika mlangoni mwa jikoni. Alisimama amempa mgongo, anatazama miche yake.

"Shamba la chini," akasema, kwa Ekegusii pia.

Hakuna aliyeniangalia. Sikuwa na cha kubeba.

Baba yangu akaanza kumweleza mbuzi mambo ya zamani: kwamba mistari ya juu ya kijia kinachokata shamba lile, mama aliipanda mimi nikiwa mgongoni mwake, na kwamba nililia mstari mzima wa tatu kwa sababu ya siafu. Mistari ya chini ya kijia waliipanda kwa vibarua. "Ile ya juu ibaki," akasema. "Ya chini ya kijia, achukue. Na wasing'oe Sabato."

Wifi alisimama vilevile. Mabega yake yalishuka. Kisha akasema, kwa Kiingereza, bila kugeuka, kwamba upande uliokosewa umekubali, na kesi imefungwa.

"Amina," akasema mzee.

Kundi la akina mama lilikuja siku ya katikati ya wiki, kabla mvua haijakaza, na majembe na nyimbo. Sikuwepo, nilikuwa darasani Nyanchwa nikiwafundisha watoto maana ya fidia kwa mfano wa nchi mbili nisizozitaja. Niliambiwa kwamba mashina ya chai yalikuwa na mizizi migumu kama mioyo ya wakwe, na kwamba mzee alisimama juu ya kijia na mwavuli, upande wake, hakukanyaga chini hata mara moja. Kutoka pale alielekeza kina cha mashimo. Hakumwelekeza wifi. Alikielekeza kijia, kwa sauti, na mashimo yakaongezwa kina. Yule jirani alipita, akasimama, akauliza kuna nini. Mzee akamwambia ni mambo ya biashara ya kimataifa, asingeyaelewa.

Ile avokado aliyotoka nayo siku ile, aliiweka dirishani mwake. Ikaiva. Niliikuta Jumapili iliyofuata imebaki kokwa tu, imesimamishwa juu ya kopo la maji kwa vijiti vya kiberiti, inangojwa iote.

"Mwambie bidhaa imekaguliwa," mzee akasema, tulipokaa kwa somo. "Niliila na chumvi."

"Mwambie asante," sauti ikajibu kutoka ng'ambo. "Na hiyo kokwa mwambie inahitaji kuunganishwa. Ikipandwa hivyo, atakayeila ni mjukuu wa mbuzi."

"Mwambie sina haraka. Mimi si mtu wa kuuza nje."

Tuliendelea na darasa. Kigoda kilibaki katikati, kamba ya nguo ilihamishwa, na mzee alianza kukaa na fimbo imelazwa mapajani, kama mtu aliyefunga mkanda wa gari. Wiki jana nilileta habari mbaya. Huko sokoni duniani, avokado zimeanza kuwa nyingi mno, nchi nyingine nazo zimepanda, na neno la siku likawa "glut", bidhaa kufurika sokoni. Nilisita kulisoma. Nikalisoma.

Mzee akalipokea kama mtu aliyeletewa barua ya mtoto wake. Akalikariri, macho yamefumbwa, akalirudia kwa sauti ya kufika kanisani.

Wifi alikuwa anachambua chinsaga. Miche yake imeshika, naiona kutoka kwenye kigoda, ina majani mapya mekundu mekundu.

"Mwambie," akasema, "hilo neno ndilo fungu letu la kwanza, na tulilisoma kwenye chai."

Mzee akafungua jicho moja. "Mwalimu," akasema, "soma habari inayofuata."